Mabega ya Pamba

3 Machi

Dada Gunia,

Nimefika salama. Usinipigie simu, hutanipata. Simu zote zimekusanywa getini, zikatiwa kwenye sanduku la chuma na kufungiwa kufuli, eti hadithi ya filamu isivuje. Hata mpishi kanyang'anywa yake, sijui angemvujishia nani. Dereva wa lori la vifaa anakuja huko mjini kila wiki na amekubali kutubebea barua, ndiyo maana unauona mwandiko wangu kwa mara ya kwanza tangu nitoke shule. Usiucheke.

Kazi ni nzuri. Mimi ndiye stanti wa mlinzi wa tajiri, naumia badala ya mwigizaji: naruka ukuta, napigwa ngumi, naangukia maua. Nyumba ya tajiri imejengwa ndani ya ghala. Kuta ni mbao nyembamba zilizopakwa rangi, ukiziegemea zinalia, lakini ngazi wamezijenga za zege kweli kweli, zinapinda katikati na zina kingo kali. Fundi aliyezijenga kila akipita anazipapasa kwa fahari.

Kuhusu ngazi, Kocha amenituma nikwambie usisubiri tena. Lile tukio lako, la mjane anayesukumwa na shemeji yake, wameliondoa. Mwongozaji amebadilisha mawazo, anasema mjane afe kwa sumu. Kocha amesikitika sana. Anasema wewe ni mtu mzima na kazi hii unaijua, leo wanataka hiki, kesho wanataka kile.

Nimechubuka viwiko na nyonga, si sana. Halafu mikono na miguu inaniwasha usiku na mchana, sijui ni mbu wa huku au ni maji. Muulize Mama kama ile dawa yake ya kuchua bado ipo, anitumie kwa dereva. Mpe shikamoo zangu na umwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Kijiti

5 Machi

Kijiti,

Sumu? Mjane niliyemfanyia mazoezi tangu mvua zianze mpaka zikakatika, leo anakunywa sumu? Mtu anakaa kitini, anashika kikombe, anaegemea upande, kwisha. Hiyo hata Mama anaiweza, tena ataifanya huku anakunja nguo.

Barua yako ilinikuta ukumbini kwetu kwa mazoezi. Nilikuwa nimevaa sketi juu ya suruali, nashuka zile ngazi za mbao tulizozitengeneza mimi na wewe. Nilikaa kwenye ngazi ya mwisho nikaisoma, nikairudia, kisha nikazipiga teke zile ngazi kana kwamba ndizo zilizoniudhi. Kidole cha mguu kinaniuma mpaka sasa.

Wewe unajua lile tukio lilikuwa na maana gani kwangu. Miaka yote hii mimi nimekuwa mkono unaoning'inia dirishani, mgongo unaopita mbele ya gari, nywele zinazoshika moto. Hakuna mwongozaji aliyewahi kuniona mzima. Ngazi hizi zingekuwa mwili wote kuanzia juu mpaka chini, kamera moja, bila kukata. Mwongozaji angeuliza huyu ni nani, na safari ijayo angeniita mwenyewe bila kupitia kwa Kocha. Magoti yangu siku hizi yanalia nikipanda kitandani, Kijiti. Nikiikosa hii sijui kama kuna nyingine.

Na Kocha aliniahidi kwa mdomo wake. Tulikuwa tumekaa juu ya magodoro, na wewe ulikuwepo, unakula karanga zangu bila kuomba. Alisema, "Gunia, ngazi ni zako, nani mwingine?" Leo ananitumia salamu kupitia kwa mtoto!

Sasa nijibu, maana kuna mambo hayakai sawa. Ngazi za zege ni za nini, kama mtu anakufa kwa sumu? Watu hawamwagi zege kwa ajili ya kupendezesha ghala. Na mlinzi anachubukaje viwiko? Mlinzi ana koti. Ndani ya koti unaweka kinga za viwiko, kinga za nyonga, kinga za magoti, ukitaka unaweka na godoro zima na hakuna atakayeona. Mimi ndiye niliyekufunga kinga mara ya kwanza, ukalalamika zinakubana. Au siku hizi Kocha anawatupa watu bila kinga? Kama ndivyo niambie, nije nimshike shati.

Dawa hiyo hapo. Mama anasema usiipeleke karibu na macho. Anasema pia mbu hawawashi usiku na mchana, hata wao wanapumzika.

Dada yako,
Gunia

12 Machi

Dada yangu mpenzi,

Punguza ukali, barua yako dereva aliishika kwa ncha za vidole.

Ngazi ni za tajiri kusimama juu na kutoa amri. Anaonekana mkubwa akiwa juu, ndivyo mwongozaji anavyotaka. Na koti la mlinzi wamelikata mikono kwa sababu ya joto, ndiyo maana viwiko viko nje. Unaona? Kila kitu kina maelezo yake, wewe unapenda tu kuchimba.

Sasa nina swali la kazi. Kuna rafiki yangu hapa, mwanamke, mgeni kwenye stanti, yuko kwenye filamu nyingine inayopigwa ghala la jirani. Naye ana ngazi za kushuka. Amevalishwa gauni la hariri, la kijani, halina mikono, mgongo uko wazi, hawezi kuficha kinga hata moja. Anauliza, mtu akiwa hivyo anatanguliza nini, bega au paja? Viwiko anavipeleka wapi? Kiatu cha kisigino anakiachiaje bila kamera kumwona? Na wigi linafungwaje lisibaki kwenye ngazi ya juu wakati yeye yuko ya chini? Nimemwambia dada yangu anayajua haya kuliko mtu yeyote, na sikumdanganya. Jibu dereva akirudi tu, maana wiki hiyo hiyo ndiyo anaanguka.

Kocha anakusalimia. Anasema kuna tangazo la sabuni linakuja, atakukumbuka.

Mwambie Mama dawa inasaidia.

Kijiti

14 Machi

Wewe,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata getini.

Hakuna rafiki. Hakuna ghala la jirani. Gauni la kijani la hariri, lisilo na mikono, lenye mgongo wazi, ni gauni langu. Fundi wa mavazi alinipima mimi, akanichoma na pini begani, akaniomba radhi. Wewe ndiye umelivaa. Na hiyo mikono inakuwasha kwa sababu wamekunyoa. Mimi nimejinyoa kwa ajili ya kazi hii tangu wewe unavaa kaptula za shule, na nywele zikianza kurudi inawasha hivyo hivyo. Jipake mafuta, usijikune.

Nilipoelewa nilicheka. Nilikuona na miguu yako ya korongo ndani ya hariri nikacheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Nilipotaka kumwambia nikashindwa, nikaanza kulia mbele yake, mimi ambaye nimevunjika mbavu nikatoka natembea. Nikampa barua aisome mwenyewe. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Huyu mtoto wangu?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba siku moja kitalivaa vazi lenyewe.

Hebu nieleze, Kijiti, maana nataka kuelewa. Wanaume wanaanguka kwenye kila filamu. Polisi wanaanguka, majambazi wanaanguka, walinzi, walevi, wazururaji, wote wanaume, na kazi zote hizo mnazipata nyinyi. Sisi tunakaa mwaka mzima tukisubiri mwanamke mmoja asukumwe. Akisukumwa, mnamchukua na huyo! Mnajibana viuno, mnavaa wigi, mnaitana jina la mjane. Mbona mimi sijawahi kubandikwa ndevu? Siku gani Kocha alinitazama akasema, "Gunia, leo uwe jambazi"? Ningekuwa jambazi mzuri sana. Hata sasa hivi ninayo sura yake.

Na usiniletee hadithi ya mwili wa mwanamume kuwa mgumu. Kocha huniambia hivyo usoni, dakika ile ile anaponiomba niruke dirishani.

Kwa hiyo nilikubeba mimi. Ulikuwa huna kazi, unalala mpaka jua linakuchoma, nikakuleta ukumbini ushike magodoro. Nikamwambia Kocha huyu ni damu yangu, mfundishe. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hapigi teke huku amevaa nguo zako.

Sasa sikiliza, hapa naongea na wewe kama dada na si kama mtu aliyeibiwa. Usishuke hizo ngazi. Wewe umejifunza kuanguka ukiwa na kinga, kila mara, tangu siku ya kwanza. Mwili wako unaamini kuwa kiwiko chako kina mto. Ukipoteza mizani kiwiko ndicho kitakachotangulia, na nyonga itafuata, kwa sababu ndivyo ulivyozoea na ndivyo Kocha anavyowafundisha nyinyi. Sisi hakuna aliyetufundisha. Tulivalishwa vigauni tangu mwanzo, tukajifunza wenyewe kuangukia nyama: paja, makalio, ubavu wa mgongo. Imenichukua miaka na alama nilizonazo unazijua. Huwezi kufundishwa kuanguka kwa barua, na juu ya zege huna nafasi ya kujaribu.

Ningekuwa na hasira peke yake ningekuacha. Nina hasira, na nina mama mwenye mtoto mmoja wa kiume. Nenda kwa Kocha kesho, mwambie hii si kazi yako, mwenyewe yupo na amefunga begi. Halafu vua gauni langu, likunje vizuri. Hariri haipendi kukunjwa ovyo.

Gunia

19 Machi

Mpendwa wetu Gunia,

Salamu nyingi sana kutoka kwa timu nzima. Natumaini wewe na Mama mu wazima. Huku sote hatujambo, isipokuwa mdogo wako ameteleza kidogo kwenye ngazi. Ameteguka mguu, tukampeleka hospitali apate kupumzika. Ni mambo ya kazini, wewe unayajua. Usimshtue Mama bure.

Habari njema ni kwamba mwongozaji amelirudisha lile tukio la ngazi! Nililipigania sana jina lako. Kama kulikuwa na kutoelewana hapa katikati, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimekuwekea nafasi ya mbele kwenye lori, panda na dereva huyu huyu.

Kuna jambo dogo tu la kiufundi. Sehemu nyingi za mjane tumeshazipiga kwa umbo lililokuwepo: anakimbia barazani, anapigana na shemeji, anashika nguzo ya juu ya ngazi. Umbo hilo lina mabega mapana kidogo kuliko yako. Ili mtazamaji asione tofauti katikati ya tukio, fundi wa mavazi amekushonea mabega ya pamba, yanakaa chini ya mikanda ya gauni. Amejitahidi, hayaonekani kabisa. Ukiweza pia, tembea kiume kidogo, hatua ndefu, ili uendane na yale tuliyonayo. Najua kwako hilo si tatizo, wewe ni mtaalamu, na mtaalamu halalamiki.

Nakutegemea kama binti yangu.

Wako katika kazi,
Kocha

20 Machi

Kocha,

Mimi ni mama yao. Gunia amenisomea barua yako mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ananitania.

Mwanangu wa kiume umemvika gauni. Mwanangu wa kike sasa unataka kumvika mabega. Mimi niliwazaa kila mmoja na mabega yake, na sikumbuki mtu yeyote kuja kwangu kuomba marekebisho.

Nina swali moja, na mimi si mtu wa filamu, nisamehe ujinga wangu. Mwanangu aliandika kwamba gauni hilo haliwezi kuficha kinga hata moja. Leo linaficha pamba? Pamba ya kumfanya dada yake afanane na mwanamume imepata nafasi, kinga ya kumwokoa mfupa haikupata?

Na hilo la kuteguka. Watu hawalazwi kwa kuteguka, wanakandwa kwa maji ya moto nyumbani. Nilimbana dereva wako akanitajia hospitali. Kwa hiyo ile nafasi ya mbele uliyomwekea Gunia nimekaa mimi, na barua hii naiandikia humo humo, usishangae mistari ikipanda na kushuka. Yeye atakuja safari ijayo, ngazi zako zitamsubiri, za zege hazina haraka. Ukiisoma hii ujue mimi nimeshashuka hospitalini, na nikimaliza kumtazama mwanangu nitajua kama nije kukutazama na wewe.

Kuhusu binti yako, sina habari kama unaye. Huyu ni wangu.

Mama yao

26 Machi

Dada,

Natumaini bado nina ruhusa ya kukuita hivyo, gauni halipo tena mwilini. Walilikata kwa mkasi hapa hospitalini, samahani. Kocha alimtuma mtu kuulizia kama linashoneka. Nasikia fundi ameshona lingine.

Mama yuko hapa. Amemfukuza mhudumu, anatandika kitanda mwenyewe. Ameondoka nyumbani na haraka zake, simu kaiacha kwenye chaja, na yangu bado iko kwenye sanduku la getini, kwa hiyo tumebaki na dereva wetu yule yule. Amepita kuniona na amenipa kalamu yake.

Mguu haukuteguka. Umevunjika paja, juu kabisa, karibu na nyonga. Umening'inizwa kwa kamba na vyuma na daktari anasema nitakaa hivi mpaka nichoke kuhesabu mabati ya paa. Kiwiko cha kushoto kimefungwa plasta. Ilikuwa vile vile ulivyosema: kiwiko kwanza, halafu nyonga. Niliusikia ule ukingo wa zege ukiingia, dada, na mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kwamba utanicheka.

Barua yako niliipata. Niliisoma asubuhi, mchana nikapanda ngazi. Sina la kujitetea isipokuwa hili: kamera zilikuwa zimepangwa, taa zimewaka, watu wote wamesimama wananitazama mimi, na Kocha amenishika bega ananiambia twende. Ningesema nini wakati ule? Kocha ndiye aliyepanga yote tangu mwanzo. Alinipa gauni siku niliyofika na kunikataza nisikwambie. Mimi nilitaka kukutetea, Mungu ni shahidi, lakini hakuna aliyeniuliza. Mimi ni nani pale? Mtu wa kuanguka tu.

Nenda ukaifanye. Ni yako na ilikuwa yako. Mabega yale ya pamba usiyavae, Mama anasema ukiyavaa usirudi kwake. Damu nzito kuliko maji, dada. Nikipona tutakaa ukumbini, tutacheka haya yote.

Mdogo wako,
Kijiti

2 Aprili

Kijiti,

Nimekaa kwenye kitanda chako cha zamani, chumba kile kile cha nyuma ya ghala, shati lako bado liko msumarini. Mwili wote unaniuma vizuri. Nakuandikia leo kwa sababu nikingoja kesho nitakuwa nimepoa, na sitaki kupoa kabla hujanisikia.

Nilipofika, fundi wa mavazi alinipokea na lile gauni jipya mkono mmoja na mabega mkono mwingine. Hakunitazama machoni. Mabega yenyewe yameshonwa kwa ustadi, lazima niseme, madogo na laini kama vitumbua vya mgonjwa. Nilivaa gauni. Mabega nikayashika mkononi, nikatoka hivyo hivyo, nikapita mbele ya mafundi wa taa, mbele ya tajiri na walinzi wake, mpaka pale mwongozaji anapokaa na televisheni zake. Nikayaweka mezani kwake juu ya karatasi zake.

Kocha alikuja mbio. "Gunia, njoo kwanza tuongee pembeni."

Nikamwambia, "Pembeni nimekaa miaka yote, leo tuongee hapa."

Mwongozaji akaniangalia juu mpaka chini. Si mtu mbaya, amechoka tu, ana macho ya mtu asiyelala. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikamjibu mimi ndiye niliyepimwa gauni hili kabla ya yule aliyevunjika. Nikamwambia nashuka ngazi zake leo, kwa mabega niliyokuja nayo, na kama hayafanani na yale aliyonayo kwenye kamera, basi akapige upya, maana yaliyokosewa ni yale na si haya. Nilijua akisema hapana nitarudi na lori na sitaitwa tena na mtu yeyote.

Hakusema hapana. Alimgeukia Kocha na kumwambia, "Si uliniambia hakuna mwanamke anayeweza kushuka ngazi hizi?" Kocha akaanza kukohoa, akaanza habari za ratiba, habari za usalama. Usalama! Na wewe uko hospitalini umening'inizwa. Mwongozaji akamwacha anaongea, akanigeukia mimi, na maneno aliyoniambia aliyanena kwa upole, alidhani ananifariji. Alisema, "Mama, si kwamba sikutafuta. Sikumwamini hata huyu Kocha. Siku ya kwanza kabisa, yule kijana alipokuja na wigi lake, nilimwita peke yake. Nikamuuliza, wewe umekulia kwenye ukumbi wa stanti, hakuna mwanamke kabisa anayefanya kazi hii? Akatazama chini, akasema, hakuna, mzee."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Hakuna.

Halafu nilikwenda kupanda ngazi, kwa sababu ndiyo kazi iliyonipeleka. Nilisimama juu, shemeji mtu akanisukuma, na nikashuka. Paja, makalio, ubavu, pale zinapopinda nikaachia kiatu, nikageuka, paja tena, nikafika chini uso ukiwa juu na wigi liko kichwani. Nilipoinua kidole gumba ghala zima lilipiga makofi, na yule fundi wa zege alipiga kuliko wote. Mwongozaji aliamuru sehemu zote za mjane zipigwe upya kuanzia kesho. Alikuja mwenyewe kuniuliza jina langu na ninapatikana wapi, Kocha akiwa amesimama nyuma yake anatabasamu, anawaambia watu kuwa mimi ni zao la mikono yake.

Ni kile nilichokitaka. Umeniona nikikililia kile kitu, wewe na Mama peke yenu. Kimekuja, nimekipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, na muda wote nilikuwa nakusikia wewe.

Kocha nitapambana naye, hilo usijali. Kocha ni Kocha, anauza anachoweza kuuza, na leo nimemjulia bei. Lakini yeye sikumfunga kinga. Yeye hakushika magodoro yangu kila jioni, hakuniona nikitapika kwa maumivu nikarudi kupanda, hakunisikia nikisema zile ngazi ndizo zitakazonitoa. Uliulizwa na mtu mwenye uwezo, mkiwa wawili tu, Kocha hayupo, kamera hazipo, hakuna aliyekushika bega. Neno moja tu lilitosha. Na barua yako inasema hakuna aliyekuuliza. Umelala na mfupa umevunjika, Mama anakulisha kwa kijiko, na bado umepata nguvu za kunidanganya!

Jumamosi sina kazi, nakuja. Nitakuletea shuka safi na sabuni, nitakuogesha kama Mama amechoka, nitamwuliza daktari yale ambayo Mama anaogopa kuyauliza. Hayo yote nitafanya na nitafanya vizuri. Lakini usinisalimie. Usianze na habari za Kocha, na ile damu yako nzito iache huko huko. Nitamwomba Mama akatembee kidogo nje, nitavuta kiti nikae mbele yako, na utaniambia mwenyewe: ulipoulizwa kama nipo, kwa nini ulisema hakuna?

Mimi nina siku nzima. Wewe mguu uko kwenye kamba, huwezi kwenda popote.

Dada yako,
Gunia